Pembe au Nyumba: Maisha ya Mpiga Picha za Sarafu za Kale

Ndugu zetu, majirani, na wote mlioacha shughuli zenu kuja kutusindikizia mpendwa wetu, asanteni. Mimi ni mtoto wa dada yake. Nilimwita Mama Mdogo, na nimepewa kazi hii kwa sababu mume wake amesema sauti haitoki, na binti yake amesema akianza hatamaliza. Nimeandika ninayoyajua na niliyoambiwa. Pale ambapo hayo mawili yamegombana nimeyaacha yote mawili, maana hata yeye mwenyewe aliishi hivyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1956, kitinda mimba wa baba seremala na mama mkunga. Hayo ni kwa mujibu wa cheti. Mama yangu, ambaye alikuwepo na akapewa mtoto ampakate, anashikilia kwamba ilikuwa Mei, na kwamba baba yao aliandikisha tarehe iliyomjia kichwani alipofika dirishani. Marehemu alipoulizwa alijibu kwamba siku hiyo hakuwa amevaa saa. Basi mtasoma Aprili kwenye karatasi zenu, na mama yangu ameomba niseme kwamba hajakubali.

Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, kisha sekondari ya bweni ya wasichana, akamaliza mwaka 1974. Hakuwa wa kwanza darasani, wala mkia hakushika. Mwalimu wao wa kemia alikuwa na kamera kuukuu, na jioni aliwafundisha wasichana wachache kusafisha picha katika stoo ya maabara, dirisha likiwa limezibwa kwa blanketi. Marehemu aliingia mle kwa kukwepa zamu ya kufua mapazia. Akatoka na kazi ya maisha. Alitusimulia kwamba mara ya kwanza kuona uso wa mtu unajitokeza kwenye karatasi nyeupe ndani ya beseni la dawa, alirudi nyuma akaomba radhi, bila kujua anamwomba nani.

Baada ya chuo cha uchapaji aliajiriwa katika studio iliyokuwa chini ya jengo la posta, na miaka michache baadaye akaichukua iwe yake. Walioingia mle wanaikumbuka: stuli ya mbao, pazia la kijivu, kioo cha ukutani, na kitana kilichofungwa kwa kamba kisije kikaondoka na mteja. Kazi kubwa ilikuwa picha za vitambulisho. Kabla ya kubonyeza alikuwa akisema, "Pumua kwanza," na mji mzima ukamwita Bi Pumua. Kulikuwa na karani mmoja wa forodha ambaye uso wake ulikataa kabisa kuacha kutabasamu, na kitambulisho hakitaki meno. Marehemu alimwambia, "Pumua kwanza. Sasa fikiria mama mkwe wako anashuka kwenye gari, na mizigo yake yote anayo." Uso ukanyooka, picha ikapigwa. Karani yule yuko hapa leo na ameniruhusu nilisimulie hili, mradi nisimwonyeshe kwa kidole.

Mume wake alimpata kwa kosa. Fundi huyu wa nguo alikuwa amepigwa picha akiwa na koti aliloshona mwenyewe, na alipoletewa picha akairudisha. "Dada, hili koti vifungo viko upande wa kike. Mimi sikushona hivi." Marehemu aliitazama sana. Alikuwa ameuweka mkanda kinyume wakati wa kusafisha, kushoto kukawa kulia, na hakuna mtu mwingine ambaye angegundua. Alimsafishia nyingine, naye fundi akakataa kuiacha ile yenye kosa. Walifunga ndoa tarehe 5 Septemba 1981. Picha zote mbili zimekuwa zikining'inia sebuleni mwao bega kwa bega, na wageni hudhani mume wake ana pacha.

Walijaliwa binti mmoja, ambaye leo ni muuguzi.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo wengi mmenisogelea tangu juzi mkiniuliza, na ninaogopa kwamba nikimaliza kulieleza mtakuwa mnalielewa kidogo kuliko sasa.

Mwaka 1993 mafundi wa bomba walikuwa wakichimba mtaro nyuma ya uwanja wa maonyesho, wakagonga chungu kilichojaa sarafu za kale za shaba. Makumbusho ya mji yalizichukua, na mhifadhi wake, ambaye wakati ule alikuwa kijana mwembamba wa miwani, akamwomba marehemu azipige picha. Marehemu alidhani ni kazi ya wiki moja. Ilimchukua msimu mzima. Sarafu hizo zilikuwa ndogo kama ukucha wa dole gumba, zimeota kutu ya kijani na kusuguliwa na mikono ya watu ambao hatuwajui. Ukiziangalia mchana kweupe huoni kitu. Alizima taa zote, akaweka taa moja chini kabisa pembeni mwa sarafu, akawa anaisogeza kidogo kidogo. Taa ikiwa mahali fulani, herufi zinainuka. Ikisogea upana wa kidole, zinazama. Alikuwa akimwambia mhifadhi, "Sarafu haisomwi kwa mwanga, inasomwa kwa kivuli."

Sarafu moja haikufanana na nyingine yoyote ndani ya chungu. Ilikuwa na kichwa cha ng'ombe kinachotazama mbele, pembe juu, na kwenye pua mkato mzito wa patasi. Mtu fulani, zamani hizo, aliipiga patasi makusudi. Mhifadhi alisema huenda mtawala aliyeitoa aliangushwa na pesa yake ikaharibiwa isitumike tena. Au mfanyabiashara alitaka kujua kama ni shaba mpaka ndani. Mhifadhi na marehemu wote wawili waliupitisha ukucha kwenye mkato ule wakausikia ulivyo na kina. Marehemu akapiga picha, mwanga ukitoka juu. Makumbusho wakachapa kijitabu chembamba cha picha zote. Jina la mpiga picha halikuwekwa. Hakuuliza, alikuwa na foleni ya watu wa vitambulisho.

Miaka ikapita. Mwaka 2006 mama yangu, ambaye alikuwa mwalimu, alimpelekea dada yake kitabu kipya cha historia cha shule za msingi, akamwekea alama kwenye ukurasa mmoja. "Hii si kazi yako?"

Ilikuwa kazi yake. Lakini ilikuwa juu chini. Na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu mimi mwenyewe ilibidi nioneshwe mara nyingi. Jicho la mtu limezoea jua litokalo juu. Ukiigeuza picha juu chini, mwanga unakuwa unatoka chini, lakini jicho halikubali, linaendelea kuamini unatoka juu, na kwa hiyo linageuza vitu: shimo linakuwa kilima, kilima kinakuwa shimo. Pembe zilizoelekea juu zikawa kuta mbili za nyumba. Pua ikawa kilele cha paa. Na ule mkato wa patasi, ambao ulikuwa jeraha, ukainuka ukawa mlingoti uliosimama juu ya paa. Chini ya picha paliandikwa: "Nyumba ya mfalme na mlingoti wa bendera." Sura nzima ilifuata kuhusu ustaarabu wa wenye nyumba hiyo. Baraza la mji likapendezwa, likaichonga nyumba hiyo kwenye lango lake jipya. Kwa hiyo mnaopita pale kila siku, mnapita chini ya kichwa cha ng'ombe kilichopinduliwa. Au chini ya nyumba. Sijui niseme vipi.

Marehemu alikwenda kwa mchapishaji wa kitabu. Alipokewa vizuri, akaketishwa, akapewa maji.

"Mama," mchapishaji alimwambia, "picha ya sarafu ni sarafu tu. Mwenyewe alikufa zaidi ya miaka elfu iliyopita. Tumwombe ruhusa nani?"

"Mimi. Mimi nipo."

"Wewe hukuichonga."

"Sikuichonga. Lakini niliipiga, na mmeipindua."

"Kama si yako, tumekupindulia nini?"

Alirudi nyumbani hajui kama ametukanwa au amefundishwa. Alikaa na swali hilo kwa siku nyingi, akimuuliza mume wake, akiniuliza mimi, akiwauliza wateja walioketi kwenye stuli. Mwishowe alifungua kesi. Alitaka mambo mawili: itambulike kwamba picha ni yake, na igeuzwe ikae sawa. Alidhani hayo mawili ni jambo moja.

Mimi nilikuwepo mahakamani mwaka 2008, nimekaa na mume wake, Baba Mdogo, kwenye benchi la nyuma. Wakili wa mchapishaji alikuwa mpole, tena mwenye heshima, na hilo lilitutia hofu zaidi.

"Shikamoo, mama. Hizo unazoziita pembe, ulizichora wewe?"

"Marahaba. Hapana."

"Basi ulinakili kilichokuwepo. Na anayenakili tu hana alichobuni."

"Sikunakili tu. Nilichagua mwanga. Taa ingekuwa mahali pengine, pembe usingeziona."

Wakili akauliza, "Kwa hiyo pembe zimetokana na taa yako, si sarafu?"

 Wakili akaendelea taratibu. "Kama picha ni ubunifu wako, basi ni maono yako, na wateja wangu nao wana haki ya kuona nyumba. Kama picha ni ushahidi wa kilichokuwepo, basi si yako. Ni ipi, mama?"

Hakimu akauliza sarafu yenyewe iko wapi, iletwe ionekane. Mhifadhi akasimama, akavua miwani. Alisema paa la ghala la makumbusho lilivuja, vitu vikahamishwa haraka, na bahasha ya sarafu ile ilipofunguliwa ilikuwa tupu. Wametafuta kila mahali. Picha ndiyo iliyobaki. Hakimu akatoa mapumziko.

Uani, mhifadhi alimfuata marehemu, akakaa kando yake. "Dada yangu, nakuomba ufute kesi. Sarafu haipo. Aliyebaki ni shahidi mmoja tu, picha yako. Ukishinda kwa kusema umeibuni wewe, kesho mtu akiuliza kulikuwa na nini, tutamwonyesha nini? Shahidi akigeuka mtunzi, nani atamwamini tena?"

"Na nikifuta, itabaki nyumba."

"Itabaki nyumba, ndiyo. Lakini picha itabaki picha."

Baba Mdogo akajaribu kusaidia. "Mimi nikimpima mtu, vipimo ni vyake. Nikikata kitambaa, mkato ni wangu. Koti likimkaa vibaya haina maana kwamba hana mabega."

Marehemu akamtazama kwa upendo. "Na mabega yakipotea, mume wangu?"

 Baba Mdogo ameniambia jana kwamba bado anatafuta jibu.

Waliporudi ndani, marehemu aliulizwa tena swali lilelile. Alijibu, na maneno haya niliyasikia kwa masikio yangu: "Sijui. Sijui sarafu inaishia wapi na mimi naanzia wapi. Ninachojua ni mahali taa ilipokuwa. Taa ilikuwa juu."

Alishinda. Hukumu ilisema kupanga mwanga kunahitaji ustadi na uamuzi wa mtu, kwa hiyo hakimiliki ni yake, na mchapishaji hawezi kuitumia picha bila ruhusa yake. Kuhusu ng'ombe na nyumba, hakimu alisema mahakama haina uwezo wa kuamua alama za wafalme. Sisi ndugu tulifurahi, tukapiga vigelegele kwenye ngazi. Mhifadhi alimpa mkono, akaondoka.

Toleo jipya la kitabu lilitoka mwaka uliofuata. Marehemu alilifungua akiwa amesimama, mama yangu pembeni. Picha haikuwepo. Mchapishaji hakuigeuza wala hakuandika jina lake, aliiondoa. Mahali pake aliajiri mchoraji, na mchoraji akachora nyumba nzuri yenye mlingoti, safi, yenye madirisha. Huo ulikuwa mchoro wa mchoraji, na hakuna sheria ambayo marehemu angeweza kuushika kwayo.

Mama yangu anasema mdogo wake alikaa chini pale pale sakafuni. Alisema, "Dada, picha ilipokuwa haijatambuliwa kuwa yangu, angalau sarafu ilikuwamo kitabuni. Siku moja mtoto angekishika kitabu juu chini akaona pembe. Sasa hata akikigeuza ataona nyumba iliyoanguka."

"Sasa ulishtaki ya nini?"

"Sijui, Dada. Nilikuwa na haki."

Na alikuwa na haki. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kumwambia vinginevyo. Lakini kwa muda mrefu baada ya hapo alikuwa akiingia studio, anawasha taa, anazima, anarudi nyumbani. Wateja walidhani anaumwa. Aliwahi kumuuliza binti yake kama mtu anaweza kuiba kitu chake mwenyewe, na binti yake akampima shinikizo la damu.

Kilichomtoa katika hali hiyo hatukijui vizuri. Baba Mdogo anasema ni kazi ya mikono tu. Siku moja alisafisha picha ile, kubwa kama sinia, akaikata mviringo. Akasafisha nyingine, na nyingine. Akaanza kuzipeleka shuleni, moja baada ya moja, akimwomba mwalimu mkuu nafasi ukutani. Hakudai ruhusa wala jina. Aliitundika kwa pini moja katikati, ili izunguke. Pembeni, kwenye ukuta wenyewe, alichora kijitaa kidogo kwa penseli, kuonyesha mwanga ulitoka upande gani. Watoto waliizungusha. Nyumba, ng'ombe, nyumba, ng'ombe. Walipomuuliza ipi ni ya kweli, alisema, "Mimi niliona pembe. Lakini niliweka taa mwenyewe. Nanyi tafuteni taa ilipo, kisha mseme." Katika shule moja darasa liligombana mpaka kengele ya kwenda nyumbani ikapigwa hawakuisikia. Alirudi akiwa na furaha ambayo hatukuwa tumeiona tangu kesi. Mhifadhi alipopata habari alimpigia simu. Walizungumza kirefu. Alipokata, Baba Mdogo akamuuliza kama wamepatana. Akasema, "Tumechanganyikiwa pamoja. Ni afadhali."

Mwezi wa Februari 2021 marehemu alipatwa na kiharusi akiwa studio. Upande wa kulia ulilegea, na maneno yakampotea. Yaliyorudi, mengine yalirudi mahali pasipo pake. Alisema "zima" akitaka taa iwashwe, na akamwita mume wake "kaka" kwa kipindi kirefu, jambo ambalo fundi wetu alilipokea kwa kusema kwamba sasa amepata kweli yule pacha. Binti yake alimhudumia kwa mikono ya muuguzi na moyo wa mtoto. Alifanya mazoezi, akarudi kutembea kwa fimbo. Mwezi wa tisa mwaka huu moyo wake ukaanza kuchoka, akalazwa hospitali kuu ya mji. Aliaga dunia asubuhi ya Jumatano, tarehe 11 Oktoba 2023, mume wake akiwa amemshika mkono na binti yake akiwa amemshika mwingine.

Siku ya pili ya msiba, mhifadhi alikuja kutupa pole. Amestaafu, nywele zimekuwa nyeupe. Baada ya pole alituuliza kwa aibu kidogo: picha ile sasa ni ya nani? Hakimiliki hubaki kwa warithi miaka mingi baada ya mwenyewe kufariki. Tuliitana faragha. Mama yangu alisema ipewe makumbusho. Binti akasema mama yake aliipigania, haiwezi kutolewa kama kiti cha plastiki. Mimi nikasema kwani si amekwisha kuitoa, iko kwenye kuta za shule. Baba Mdogo akasema, "Mnagawana kitu gani hasa? Sarafu haipo, taa imezimwa, mwenyewe tunamzika." Tulitoka hatujaafikiana. Mhifadhi amesema atasubiri. Amezoea vitu vya zamani.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja na mkwe, mjukuu mmoja wa kike, dada yake mkubwa ambaye ni mama yangu, wapwa, na mashemeji wengi. Ameacha pia sura zetu sote, kwa maana karibu kila mtu mzima aliyesimama hapa ana kitambulisho alichopigwa naye.

Neno la mwisho ni kuhusu picha mliyoiona mbele ya karatasi zenu. Mpiga chapa alipoipokea alituuliza aandike chini yake imepigwa na nani, maana siku hizi lazima. Tukadhani hilo angalau ni jepesi. Baba Mdogo akasema ni yeye aliyebonyeza, mwaka jana, sebuleni. Kisha akafikiri, akatueleza yote. Marehemu ndiye aliyeburuta kiti mpaka dirishani, kwa mkono wake mmoja. Ndiye aliyevuta pazia nusu, akakaa, akajigeuza mpaka mwanga ukamwangukia alivyotaka. Ndiye aliyemwambia mumewe asimame wapi. Neno lilimpotea, akalitafuta, akalipata: "Sasa." Naye akabonyeza. "Sasa semeni," Baba Mdogo alituuliza, "picha hii ni yangu au yake?"

Mpiga chapa alikuwa na haraka. Tuligombana kwa sauti ya chini, kama inavyofaa msibani. Mkirudi kwenye ukurasa wa mbele mtaona tulichoandika chini ya uso wake, kwa herufi ndogo: Picha na mke na mume.

Mungu ampe mapumziko mema Mama Mdogo, na sisi tuliobaki atupe subira na yale tusiyoyaelewa.